Nilimchomelea Ndahani mti wa virusi vya mdondo ili nisifeli semina

Wakuu, salamu kutoka makao makuu ya nchi, huku kwenye upepo na vumbi.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikimsimulia mtu ana kwa ana anacheka kabla sijamaliza, halafu anaondoka akiamini nimetunga.

Sijatunga. Nondo ipo, fundi yupo, na mhusika mkuu nimemsomea rasimu yote akaniruhusu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Yeye nimempa jina la Ndahani, na amelalamika kwamba ni jina la mjomba wake asiyeelewana naye.

Mwenye haraka ashuke chini moja kwa moja. Wengine vuteni viti.

Mimi ni afisa mifugo. Nimefanya kazi vijijini miaka kadhaa: nachanja kuku, naandika ripoti, kuku wakifa natukanwa. Baadaye nikapata ruhusa ya masomo nikaja kusoma Masters hapa Dodoma.

Kozi yenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kutumia kompyuta kuchambua mambo ya viumbe hai: vinasaba, magonjwa, protini. Mama yangu anawaambia majirani nasomea "kompyuta ya ng'ombe". Nimeacha kumsahihisha kwa sababu hayuko mbali sana na ukweli.

Ndani ya kozi kuna semina. Kila wiki mwanafunzi mmoja anachukua paper iliyochapishwa na wanasayansi wengine huko duniani, anaisoma, anasimama mbele anaieleza, halafu darasa linamrarua. Ndiyo semina hiyo, hakuna cha zaidi.

Ukifaulu unaruhusiwa kuanza utafiti wako. Ukifeli unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukifeli tena, unawasubiri wanaokuja mwakani.

Mimi kusubiri mwakani nisingeweza. Ruhusa yangu ya kazini ilikuwa na mwisho, na bosi wangu hakuipenda tangu siku aliyoisaini. Nikifeli narudi kituoni bila digrii, nabeba boksi la chanjo, na kila ninayekutana naye ananiuliza ile shule imeishia wapi.

Mkae na hilo kichwani.

SHERIA YA NDAHANI

Semina yetu inaendeshwa na mama mmoja, ni Dokta, sisi tunamwita Madam. Mtu wa sauti ya chini. Hajawahi kumfokea mtu. Anakutazama tu juu ya miwani na wewe mwenyewe unaanza kuomba radhi.

Darasani kwetu yumo Ndahani. Mgogo wa Chamwino, haoni tangu utotoni, shule ya msingi alisoma Buigiri, kwa wasioona, baadaye akaenda akachukua digrii ya hesabu. Laptop yake inamsomea maandishi kwa sauti, kwa kasi ambayo sisi wengine tunasikia kama redio inayotafuta stesheni. Kwa kusoma paper anatupita wote.

Kabla hamjaanza kumhurumia: ni mbishi, ni shabiki wa mpira asiyevumilika, na ana mdomo. Siku ya kwanza alinishika mkono akauliza natokea wapi. Nikasema Iringa. Akauliza kama mbwa wa chuo wameshapewa taarifa.

(Sisi Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa, na Wagogo ni watani zetu. Sikuwa na pa kushtaki.)

Shida ilikuwa kwenye michoro. Maandishi laptop inamsomea vizuri, ila ikifika kwenye mchoro inasema "picha" halafu inaendelea na safari. Na kwenye fani yetu mchoro ndiyo paper yenyewe, mengine ni maelezo ya mchoro.

Muhula ulipoanza watu walikuwa wanasimama mbele wanamulika ukutani. "Kama mnavyoona, hapa inapanda, huku inashuka."

Ndahani anauliza kwa upole, "Huku wapi?"

Mwanzoni watu waliona aibu. Baadaye wakaanza kukereka. Madam alipoona wanakereka akaweka sheria.

Sheria ni hii: kila anayewasilisha anachagua mchoro mkuu wa paper yake, anaueleza mpaka Ndahani auelewe. Kisha Ndahani anasimama na kuurudia kwa maneno yake mwenyewe. Akiurudia vibaya, aliyefeli si Ndahani.

Kuna mwenzetu alisema si haki. Madam akamtazama juu ya miwani. Yakaisha.

Paper yangu ya kwanza ilikuwa na mchoro wa rangi, miraba midogo midogo mingi, kila rangi na maana yake. Nikaanza kwa kusema unafanana na shuka la Kimasai, jambo ninalolijutia hadi leo. Nikaendelea: nyekundu ni nyingi, bluu kidogo, huku juu imekolea, huku chini imepauka. Jasho linanitoka lakini najiona naenda vizuri.

Ndahani akasimama kurudia.

"Kuna shuka," akasema. "Juu limekolea, chini limefuliwa sana. Mengine hakuyasema."

Akakaa.

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane. Madam hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniambia nitafute paper nyingine kwa ajili ya marudio.

Nilifika geto nikakaa kitandani na viatu vyangu. Sikulia, ila sikuwa mbali.

MTI WENYEWE

Kwa marudio nikachagua paper ya mdondo. Mliowahi kufuga kuku wa kienyeji mnaujua huo ugonjwa. Asubuhi mmoja amesinzia kwenye kona, baada ya siku chache banda zima kimya. Nikasema angalau hapa nipo nyumbani.

Waandishi walichukua virusi vya mdondo kutoka kwa kuku wa nchi mbalimbali, wakiwemo kuku wa huku kwetu kanda ya kati. Wakasoma vinasaba vyake, kompyuta ikachora mti wa ukoo.

Mti huo unalala ubavu. Shina liko kushoto, matawi yanakwenda kulia, na kila ncha ya tawi ni kirusi kimoja kutoka kwa kuku mmoja. Waliotoka kwenye tawi moja ni ndugu. Na urefu wa tawi una maana yake: tawi refu, kirusi kimebadilika sana, tawi fupi, kimebadilika kidogo.

Shikeni hapo kwenye urefu.

Hitimisho lao lilikuwa kwamba kirusi cha kuku wetu ni ndugu wa karibu wa kirusi cha nchi fulani ya mbali kabisa, kwa hiyo ugonjwa uliletwa kutoka huko. Nililipenda sana hitimisho hilo. Miaka yote hiyo wafugaji walikuwa wananilaumu mimi.

Nikaanza mazoezi. Nikampigia mke wangu, yuko Iringa na watoto, nikamwambia afumbe macho. Nikamweleza mti wote, tawi kwa tawi. Nilipomaliza nikamuuliza ameelewa nini.

Akaniuliza kama nimekula.

Nikajua kwa maneno peke yake sitoboi.

Sasa kuna siku nilikwenda Kizota kuchomelea keria ya pikipiki yangu iliyokatika. Pale kwa fundi kulikuwa na grili za madirisha zimeegemezwa ukutani. Nikiwa nasubiri nikawa nazipapasa tu kwa uvivu. Kidole kinafuata chuma, kinafika kwenye kona, kinashuka, kinaingia kwenye chuma kingine.

Nikafumba macho nikarudia. Mteja mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Fundi mwenyewe nimwite Issa, mtu wa Busi kule Kondoa, wa makamo, baraghashia yake imetobolewa na cheche kila upande. Nikamwonyesha mti kwenye simu, nikamwambia nauhitaji huo kwa nondo nyembamba.

Akautazama. Akaigeuza simu. Akaigeuza tena.

"Hii reki au geti?"

"Ni mti wa virusi, fundi."

"Wa kuweka wapi?"

"Chuoni."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la swali lake la siku nyingi.

Tulibishana kuhusu urefu. Yeye alitaka matawi yote yalingane, kwa sababu kazi isiyolingana ikitoka kwake watu watamsema. Nikamweleza kwamba urefu ndio ujumbe wenyewe, ukilinganisha umefuta paper. Akasema sawa mwalimu, ila nisimwambie mtu kwamba ametengeneza yeye.

(Fundi, kama unasoma hapa, Kizota mafundi ni wengi. Uko salama.)

Nikampa vipimo vyote, tawi kwa tawi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Hili pia mlishike.

Mimi nikatafuta alama za kufunga kwenye ncha ili Ndahani ajue lipi ni la wapi. Kila eneo na kitu chake. Nchi jirani zetu nikazipa vifungo vya shati. Wengine nikawapa ufunguo mbovu na vipande vya katani. Ile nchi ya mbali nikaipa kizibo cha soda. Kuku wetu wa kanda ya kati nikawapa unyoya, unyoya wa kuku kweli, nimeuomba kwa mama anayetuuzia chakula. Hakuuliza wa nini. Ameshawazoea wanafunzi.

Darasani nikatangaza tu kwamba nina surprise. Ndahani mwenyewe sikumwambia lolote. Nilitaka akutane nayo palepale.

---

Naendelea wakuu, nilikwenda kula. Naona kuna mkuu hapo juu ameshaandika kwamba hii ni chai. Mkuu, ningekuwa natunga ningejipa gari, nisingejipa bajaji. Subiri.

Asubuhi ya semina nilikwenda kuuchukua mti. Nikakuta mambo mawili.

La kwanza, Issa ameupaka rangi. Ile nyekundu ya udongo wanayopaka mageti kuzuia kutu. Ameipaka asubuhi hiyohiyo. Hakuna kazi inayotoka kwake bila rangi.

La pili, kuna chuma ambacho sikukiagiza. Kipande kifupi cha nondo kimesimama kati ya matawi mawili, kimeyashikanisha.

"Fundi, hiki nini?"

"Hayo mawili marefu mno halafu membamba. Ukibeba yanacheza. Nimeyafunga."

"Kitoe. Kwenye mchoro hakipo."

"Sikitoi. Yakicheza yatamtoboa mtu jicho."

Nilitaka kumweleza kuhusu mtumiaji. Nikaacha.

Nikamwomba grenda nikikate mwenyewe. Akasema nichukue tu, ila umeme umekatika. Muda ulikuwa umekwisha. Nikauvingirisha mti kwenye gunia, nikapanda nao bajaji, matawi yamechomoza nje.

Trafiki akatusimamisha, akauliza ni nini hicho. Nikamjibu kwamba ni ukoo wa virusi vya kuku. Akaturuhusu haraka sana.

SEMINA

Niliuweka mezani nikavua gunia, nikafunga alama zangu kwenye ncha. Madam akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Endelea," akasema.

Ndahani akaja mbele. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye shina.

"Anzia hapa. Huku ni zamani, ukienda kulia unakuja sasa. Chuma kikigawanyika, ukoo umegawanyika. Chuma kikiwa kirefu, kirusi kimebadilika sana. Unyoya ni kuku wetu, vifungo ni majirani, kizibo ni ile nchi ya mbali."

Vidole vyake vikaanza kwenda.

Wakuu, sijawahi kuona mtu anasoma vile. Taratibu, tawi kwa tawi, anarudi nyuma, anapima urefu kwa shubiri. Mimi mwenyewe nilisahau kwamba nipo kwenye mtihani.

"Hawa wa vifungo wamebanana. Ndugu wa karibu."

"Ndiyo."

"Ufunguo yuko peke yake."

"Ndiyo."

"Rangi mbichi."

"Ndiyo."

Kisha akafika kwenye unyoya. Akashuka, akakuta kizibo. Katikati yao akakuta kile chuma.

"Na hii inayowashikanisha ni nini? Ukoo ukishagawanyika haurudiani."

Hapa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kudanganya. Virusi vina tabia zao za kubadilishana vipande, ningeweza kupachika maelezo hapo na nusu ya darasa ikatikisa vichwa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ya pili ni kusema ukweli, na kuwa mtu aliyefeli mchoro kisha akaleta mchoro wenye kosa kwenye marudio.

Nikamtazama. Mikono yote miwili myekundu, amekishika kile chuma, ananisubiri. Wengine wangerudi kwenye paper wakahakiki mchoro. Yeye angekibeba chochote nitakachomwambia. Roho ikanisuta vibaya sana.

"Hiyo haipo kwenye paper," nikasema. "Ameiweka fundi."

Kicheko. Kuna mtu alipiga meza. Madam akaandika kitu, na mimi nikaanza kupanga nitamwambia nini bosi.

Ndahani hakucheka. "Mbona ameiweka hapa tu? Kwingine haipo."

"Hayo mawili ndiyo marefu kupita yote. Yalikuwa yanacheza."

Akaweka kidole kimoja kwenye unyoya, kingine kwenye kizibo.

"Na hawa wawili ndio paper inasema ni ndugu?"

"Ndiyo."

"Na hitimisho lote limekaa hapo?"

"Ndiyo."

"Mhehe," akasema, "hii paper umeisoma?"

Nieleze kidogo. Asiyependa shule aruke.

Kuna mtego wa zamani kwenye fani yetu. Tulifundishwa, tukajibu mtihani, tukasahau. Kompyuta inatafuta ndugu kwa kuangalia kufanana. Sasa virusi viwili vikiwa vimebadilika sana, kila kimoja kivyake, vinaweza kufanana kwa bahati tu na kompyuta ikavilaza kitanda kimoja. Ni kama wazee wawili msibani, wote mvi, wote mgongo umepinda, mgeni anadhani ni kaka na mdogo wake. Kumbe hata hawajuani.

Dalili ya mtego huo ni matawi mawili marefu yaliyokaa pamoja.

Mimi matawi hayo nilikuwa nimeyatazama kwenye karatasi siku zote hizo. Vipimo vyake nilivitaja kwa mdomo wangu. Sikuona kitu. Issa naye hakuwa na habari na virusi, aliogopa tu kazi yake ionekane legelege. Ilibidi mtu aje aulize kwa nini chuma kipo hapo na si kwingine.

Narudi darasani.

"Kuna namna ya kujaribu," nikajisikia nasema. "Tunamtoa mmoja, tunajenga mti upya, tunaangalia aliyebaki anakwenda kukaa wapi."

"Data unazo?" Madam akauliza.

Ninazo. Waandishi waliziweka wazi, na mimi nilikuwa nimezishusha kwenye laptop.

"Basi mtoe kizibo. Sisi tunakunywa chai."

Semina nzima ikanywa chai huku mimi namtoa kizibo. Mkuu wa chai, hapo ndipo chai ilipoingia.

Kompyuta ilipomaliza ikatoa faili. Kabla sijaifungua kwenye programu ya kuchora, Ndahani akasema, "Nirushie." Nikamrushia. Akachomoa waya wa masikioni, laptop yake ikaanza kusoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Fungua mabano, fungua mabano, jina, namba, koma, jina, namba, funga mabano, koma.

Kwa kasi ileile. Sisi hatukuambulia kitu. Yeye ameinamisha kichwa, huku mkono mmoja unapapasa mti wa chuma.

Kisha akaufungua unyoya kwenye tawi lake. Akaenda nao taratibu mpaka upande mwingine kabisa wa mti, akaufunga katikati ya vifungo vya shati.

Vifungo, mnakumbuka, ni majirani zetu. Hapo tu ng'ambo ya mpaka.

"Unyoya umehama," akasema.

Hakuna aliyecheka. Madam akaweka kikombe, akaja mezani, akakishika kile chuma cha Issa kwa vidole viwili. Akasema jaribio moja la wakati wa chai haliangushi paper ya watu, na anayetaka kuiangusha ajipange afanye kazi. Kisha akanigeukia.

"Wewe unaiamini?"

Nikasema naamini virusi ni vya kweli na kazi ya maabara ni ya kweli. Hilo la kuletwa kutoka mbali siliamini tena mpaka mtu anionyeshe vizuri zaidi, ingawa mpaka asubuhi hiyo nililipenda sana.

Akamwambia Ndahani arudie mchoro.

Ndahani akasimama, mikono myekundu kama mchinjaji, akaurudia wote. Ukoo kwa ukoo, urefu kwa urefu, na yale matawi mawili na kwa nini tusiyaamini haraka. Hata chuma cha fundi alikipa sentensi yake. Ulikuwa mchoro nilioleta mimi, na mimi ndiye niliyekuwa najifunza.

Akamaliza: "Safari hii ameyasema yote."

Nilifaulu. Madam hakusema hongera. Alisema nifute meza yake.

BAADA YA HAPO

Tulikaa nyuma ya jengo, Ndahani na mimi, tunasugua rangi mikononi mwake kwa kitambaa na petroli kidogo niliyoomba kwa mlinzi mwenye pikipiki. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Ndipo nikakumbuka kitu.

"Ndahani. Yale mabano."

"Enhe."

"Mti wote umeandikwa mle?"

"Miti yote inaandikwa hivyo. Ndivyo kompyuta inavyoitunza. Nani ndugu wa nani, na urefu. Mimi miti naisoma hivyo tangu muhula wa kwanza."

"Kwa hiyo ningekutumia faili tu."

"Ungenitumia faili tu."

Niliacha kusugua. Nikafikiria nondo, Kizota, trafiki, unyoya. Hasira ikanipanda, sitawaficha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza."

Na ni kweli. Nilimuuliza mke wangu, nikamuuliza fundi, nikajiuliza mwenyewe usiku na mchana. Mtu pekee ambaye sikumuuliza Ndahani anataka nini ni Ndahani.

"Lakini hukujua kama nina shida?"

"Nilijua. Ulivyotoka tu Kizota mara ya kwanza nikaambiwa. Hili darasa halina siri. Nilijua unanichomelea kitu."

"Na ukanyamaza."

Akawa anasugua kidole gumba, ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Buigiri tulikuwa na ramani ya kushika," akasema. "Tulikuwa na moyo wa udongo. Tulikuwa na jino kubwa hivi. Nimefika chuo, kila kitu naambiwa. Miaka yote naambiwa tu. Sasa ningekwambia mabano yananitosha, ungeacha. Na mimi huo mti nilikuwa nautaka."

Nikamwongezea petroli kwenye kitambaa.

NILICHOONDOKA NACHO

Somo la haraka ni kwamba muulize mwenye shida yake kabla hujaenda kwa fundi. Nimekuwa nikiliishi tangu siku hiyo, hata kwa wafugaji. Naingia bandani nauliza kwanza, ndipo nafungua boksi.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua. Ningemuuliza, angesema nitumie faili. Nisingeenda Kizota, matawi yasingecheza, Issa asingeyafunga, na mimi ningesimama mbele ya watu nikaitetea ile paper mpaka mwisho. Halafu Ndahani asingepata mti wake. Sasa hapo nilipaswa kuuliza au kutouliza? Mwenye jibu anisaidie hapo chini, mimi nimeshindwa.

Wanaouliza paper ni ipi, sitaitaja. Waandishi hawapo hapa kujitetea, na mimi ndio kwanza naanza utafiti wangu. Kuku wangu na wao watachorewa mti, na kuna mtu anausubiri kwa hamu.

Mti wa chuma yuko nao Ndahani geto kwake. Anaanikia soksi. Juzi nilimwambia nitaupeleka kwa Issa akikate kile chuma, ubaki kama ulivyo kwenye paper. Akakataa katakata. Anasema ule wa kwenye paper anao, uko kwenye mabano.

Wenye visa vya semina, marudio na kufeli, shusheni hapa tucheke wote. Mkiweka picha, elezeni kilichomo kwa maneno. Ndahani anausoma huu uzi, na atauliza huku wapi.